Ripoti ya Mwaridi na Koala

Mimi ndiye niliyelinganisha mwaridi na koala. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi nchini kwetu wamejitokeza kudai kwamba ni wao, na wengine wamepewa nishani. Nishani wabaki nazo. Makosa ni yangu.

Jina langu ni Mangwela. Wakati huo nilikuwa Mlinganishi Mwandamizi katika Wizara ya Ulinganisho, iliyoanzishwa baada ya Mtukufu Mkuu wa nchi kusema, katika hotuba ya saa nne, kwamba taifa lisilolinganisha haliwezi kujua liko wapi. Kesho yake tukapewa jengo, mihuri na fomu. Kazi yetu ilikuwa kuchukua vitu viwili na kusema kipi bora, ili wakubwa wasisumbuke kufikiri. Mwaka wa ukame nililinganisha mvua na hotuba. Hotuba ikashinda kwa vipengele tisa dhidi ya vinne, na wakulima wakatangaziwa kwamba ukame umekwisha. Niliwahi pia kulinganisha zahanati na sanamu. Sitasema kipi kilishinda, ila ukija kwetu jitahidi usiugue.

Niliipenda kazi yangu kupita kiasi. Hata nyumbani, mke wangu akipakua, nilikuwa nikilinganisha sahani yangu na za wengine, mpaka siku moja akaniambia kwa upole nikale ofisini.

Basi nchi rafiki ya ng'ambo ikamletea Mtukufu Mkuu zawadi ya koala. Kwa asiyemjua, koala ni mnyama wa kijivu anayeishi juu ya miti, masikio yake yana manyoya kama pamba iliyochambuliwa vibaya, na jike hulea mtoto wake ndani ya mfuko ulio tumboni. Huyu alikuwa jike. Alifika na sanduku la majani yake, amelala. Akapigiwa mizinga ishirini na moja, naye akaendelea kulala. Magazeti yakaandika kwamba mgeni ana utulivu wa kidiplomasia.

Ilionekana kwamba mahali pa kumweka ni Bustani ya Taifa, ambako kulikuwa na mikaratusi kumi na miwili mirefu. Tatizo ni kwamba katikati ya bustani, pale pale ambapo Waziri wetu, Mheshimiwa Lubawa, alitaka kujenga nyumba ya koala, palikuwa na mwaridi.

Mwaridi huo ulikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Maua yake yalikuwa mekundu ya kuelekea weusi. Maharusi walipigia picha hapo, na waliofiwa walikuja kuomba ua moja la kuweka kaburini, wakapewa bila kuulizwa jina. Aliyeutunza ni Bi Tunu Shekivuli, mama mmoja mwembamba wa miaka sitini na kitu, ambaye aliupanda kwa kitawi alichokata nyumbani kwa marehemu mama yake. Alikaa katika kijumba cha serikali nyuma ya kitalu. Katika daftari la watumishi cheo chake kiliandikwa "Mhudumu wa Mwaridi", maana yake ni kwamba mwaridi ukiondoka, naye hana cheo wala kijumba.

Mheshimiwa Lubawa aliniita ofisini kwake.

"Mangwela," akasema, "hatuwezi kuung'oa mwaridi hivi hivi. Watu watasema tumekurupuka. Linganisha kwanza, halafu tutaung'oa."

"Na kama mwaridi utashinda, Mheshimiwa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama jua lina mke.

"Ndiyo maana nimekupa kazi hii wewe," akasema.

Nilitoka nimefurahi. Niliamini kwamba nimesifiwa.

*

Nilianza na Bi Tunu. Nilimkuta amepiga magoti akipalilia, akanikaribisha kwenye kigoda, akaniletea uji wa ulezi. Nilifungua fomu yenye vipengele kumi na vitatu na kumwuliza juu ya mwaridi wake. Kumbe hakuwa amewahi kuulizwa na mtu wa serikali katika miaka yote ile. Alinieleza kila kitu, kama mama anayemweleza mwalimu habari za mwanawe.

"Huu hautaki maji ya jioni, mwanangu. Ukiupa maji ya jioni majani yanashika ukungu. Asubuhi tu, na uyamwage chini, usiurowanishe. Samadi iwe ya zamani, ya ng'ombe, ile mbichi inauunguza. Ukipogoa, mkasi uwe mkali. Na una mwezi mmoja wa kupumzika, hautoi ua hata moja. Hapo usiuhimize. Uache."

"Na miiba?"

"Miiba ni ya kwake. Mimi nimeshaizoea." Akanionyesha mikono yake, ina makovu madogo madogo mpaka kwenye viwiko.

Niliandika yote. Leo nikikumbuka nilivyoandika, natamani ile fomu ingeliwa na mchwa. Kwenye kipengele cha Tabia niliandika: "Una masharti mengi." Kwenye Mahudhurio: "Mtoro kwa mwezi mzima kila mwaka." Kwenye Usalama: "Unamiliki silaha bila kibali, na umewahi kumjeruhi mtumishi wa umma." Kila alichoniambia kwa mapenzi, mimi nilikigeuza kuwa kosa. Sikufanya hivyo kwa chuki. Nilimpenda yule mama, na uji wake nilinywa vikombe viwili. Nilifanya hivyo kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya makosa, na mimi sikuwa mtu wa kuacha nafasi wazi.

Kisha nikaenda kumwona koala, aliyekuwa amewekwa kwa muda katika ghala la mbegu. Alikuwa amelala. Nilirudi mchana, amelala. Nilirudi kesho yake asubuhi, amelala kwa upande mwingine. Kwenye Mahudhurio nikaandika: "Hajawahi kukosekana." Ana kucha ndefu zaidi ya miiba yoyote, lakini kwa kuwa hakuzitumia, kwenye Usalama niliandika: "Silaha zimehifadhiwa vizuri." Kwenye Ukoo alishinda kwa kuwa ng'ambo ni mbali zaidi kuliko nyumbani kwa marehemu mama yake Bi Tunu. Kuhusu mfuko wa tumboni, Mheshimiwa Lubawa mwenyewe aliniamuru niongeze kwamba mnyama mwenye mfuko wake hatautegemea mfuko wa serikali.

Kikabaki kipengele cha nane, Chakula. Nilimwuliza mlinzi wa ghala.

"Anakula majani," akasema.

"Majani gani?"

"Mimi ni mlinzi wa ghala, bwana."

Nikaandika: "Majani." Lakini upande wa mwaridi nilikuwa na mistari sita, maji ya asubuhi, samadi ya zamani na mengine, na upande wa koala neno moja tu. Ukurasa ulionekana kama mtu mwenye shavu moja. Kwa hiyo nikaongeza neno la pili, kwa mwandiko wangu mzuri: "Hachagui."

Neno hilo nililitoa kichwani. Sikulisoma popote, wala hakuna aliyeniambia.

*

Koala alishinda vipengele vyote kumi na vitatu, pamoja na kile cha Harufu, ambacho hata leo sijui nilikipitishaje. Ripoti ilisomwa bungeni na kupigiwa makofi. Siku ya Jumatatu trekta liliingia bustanini.

Nilikwenda kutazama, kwa kuwa nilidhani ni heshima kwa mtaalamu kuona matunda ya kazi yake. Mwaridi ulikuwa na mizizi mirefu. Trekta lilizima mara mbili. Bi Tunu alisimama kando na mkasi na gunia lililoloweshwa maji, akawa anaokota matawi yaliyovunjika, anayakata vipande, anavifunga ndani ya gunia. Hakulia wala hakumlaani mtu. Alipopita mbele yangu alisema tu:

"Kumbe ulikuwa unaandika hayo."

Nikamjibu kwamba ripoti iliangalia pande zote mbili bila upendeleo. Ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka na gunia lake na godoro, akaenda kukaa kwa mdogo wake huko Mabanzini, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli.

Wiki hiyo hiyo Wizara ya Maji, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikilalamika kwamba mikaratusi inanyonya maji ya mji, iliandika barua kuuliza kama koala anaihitaji. Mheshimiwa Lubawa akaifungua ripoti yangu, kipengele cha nane. Akajibu kwamba mnyama hachagui. Mikaratusi yote kumi na miwili ikaangushwa kwa siku mbili. Watu wa Maji walicheza ngoma juu ya visiki.

*

Siku ya tano baada ya mikaratusi kuangushwa, sanduku la majani lililokuja na koala liliisha. Siku ya sita alikuja ofisini kwangu Dakta Melania Kihwelo, daktari wa mifugo aliyepewa kumwangalia koala kwa kuwa alikuwa na ujuzi mkubwa wa ng'ombe. Alishika nakala ya ripoti, kidole kimeingia kwenye kipengele cha nane.

"Wewe ndiye uliyeandika 'hachagui'?"

"Ndiyo, Dakta."

"Nimempa mchicha. Nimempa kabichi, kisamvu, majani ya mpera, majani ya mgomba. Anageuza uso. Nimepiga simu kule alikotoka, wamenijibu huyu anakula majani ya mikaratusi basi, tena si ya kila mkaratusi. Yuko siku ya pili bila chakula. Sitaki kukuambia siku ya nne itakuwaje. Uliyapata wapi haya?"

Nikasema, "Nafasi ilikuwa wazi."

Hakuniuliza zaidi. Tukaenda pamoja kwa Mheshimiwa Lubawa. Dakta akaeleza, mimi nikatazama zulia. Mheshimiwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Ripoti imepitishwa na Bunge," akasema. "Kwa hiyo anayekosea ni koala."

"Mheshimiwa, atakufa," akasema Dakta.

"Huenda hajaijua ripoti. Ni mgeni. Asomewe."

Naona aibu kuendelea, lakini nimeahidi kusema yote. Nilikwenda kumsomea. Nilikaa kwenye kiti mbele ya banda lake jipya, lililojengwa pale pale palipokuwa na mwaridi, nikavaa miwani, nikasoma vipengele vyote kumi na vitatu kwa sauti, na dibaji. Nilipofika cha nane, koala alifungua jicho moja. Lilikuwa jicho dogo la kahawia, limekauka pembeni. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyotazamwa na mkubwa wangu yeyote, kisha akalifunga. Kidevu chake kilikuwa kimelala juu ya mkono kama mtu aliyechoka kungoja kwenye foleni.

Kwenye taarifa niliandika: "Amesomewa. Ameelewa." Niliweka kalamu mfukoni. Nilitazama visiki kumi na viwili vikitoa utomvu, nikatazama udongo uliofukiwa chini ya banda, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilijiuliza ningefanya nini kama hakungekuwa na fomu. Nikachukua baiskeli.

*

Bi Tunu nilimkuta nyuma ya nyumba ya mdogo wake. Alikuwa na makopo thelathini na mawili ya samli yamepangwa kivulini, kila kopo na kitawi cha mwaridi. Vingi vilikuwa vimekauka. Vinne vilikuwa na majani mapya, madogo na mekundu.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Umekuja kulinganisha makopo?"

Nilimwambia yote, pamoja na neno nililolitoa kichwani, na hata habari ya kumsomea mnyama ripoti. Hapo kwenye kusoma alitaka kucheka, akajizuia. Aliendelea kunyunyizia makopo yake, na mimi nikaendelea kusimama. Nilijua kwamba nimekwenda kuomba msaada kwa mtu niliyemfukuzisha, kwa ajili ya mnyama aliyepewa nafasi yake.

Mwishowe akasema, "Mnyama ana kosa gani?" Akaweka kopo la maji chini. "Hakuja kwa miguu yake. Mikaratusi iko nyuma ya mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku, kule Kibaoni. Iko ya aina tatu au nne. Mimi huwa nachuma ya kujifukizia mafua. Nenda kalete panga kwa mdogo wangu."

Alipanda nyuma ya baiskeli yangu. Kule Kibaoni alikwenda mti kwa mti, anapekecha jani, ananusa, anakata vitawi, anafunga kila aina kivyake kwa kamba. Tulirudi bustanini jua likiwa bado kali. Mlinzi wa lango alitaka kibali cha majani. Nikamwonyesha ripoti, kipengele cha nane, kwamba mnyama haruhusiwi kuchagua, kwa hiyo haya nayo yanaruhusiwa. Alifikiri, akatupisha. Ni mara pekee ripoti ile ilipomsaidia mtu.

Dakta Kihwelo alikuwa ameketi kando ya banda na bomba la sindano la maji ya sukari. Tuliweka fungu la kwanza, koala hakusogea. La pili alilinusa, akaliacha. La tatu, lenye majani membamba yenye harufu kama ya limau, alilinusa mara mbili. Kisha akanyoosha mkono polepole, akavuta kitawi kimoja, akatafuna. Tulimsikia akitafuna. Dakta aligeuka akajipangusa uso kwa koti lake jeupe, na Bi Tunu akanong'ona, kama anayemwambia mtoto, "Haya. Taratibu. Hakuna anayekunyang'anya."

Kwa siku tisa tulifanya hivyo hivyo, bila kumwambia mtu. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikwenda Mabanzini, nikampakia Bi Tunu, tukaenda Kibaoni. Huko njiani aliniambia habari za mwaridi, na safari hii sikuandika.

*

Siku ya kumi Mtukufu Mkuu alikuja kuitazama zawadi yake. Bendi ilipiga, wanafunzi waliimba shairi la ushindi wa vipengele kumi na vitatu. Mheshimiwa Lubawa aliandaa kabichi moja kubwa, imefungwa utepe wa bendera ya taifa, ili Mtukufu Mkuu amlishe mnyama kwa mkono wake mbele ya wapiga picha. Dakta Kihwelo alijaribu kusema neno, akaambiwa nafasi ya madaktari ni safu ya sita.

Mtukufu Mkuu aliinyoosha kabichi. Koala aliitazama, akageuka taratibu, akampa mgongo.

Bendi ilinyamaza yenyewe. Mtukufu Mkuu alibaki ameinyoosha. Nchini kwetu hakuna aliyewahi kumpa mgongo, na hapakuwa na utaratibu.

"Ameshiba, Mtukufu," akasema Mheshimiwa Lubawa.

"Ameshiba nini?"

Mheshimiwa akanitazama. "Mlinganishi ataeleza."

Ningependa kusema kwamba nilikuwa jasiri. Ukweli ni kwamba neno "ameshiba" lilikuwa tayari limefika kwenye meno. Lakini nje ya uzio, miongoni mwa watu waliozuiwa kuingia, nilimwona Bi Tunu na fungu lake la majani, amelikumbatia ili lisinyauke na jua. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anamtazama mnyama.

"Mtukufu," nikasema, "anakula majani ya mikaratusi peke yake. Ripoti inasema hachagui. Niliandika mimi, bila kujua. Kwa neno hilo mikaratusi yako ilikatwa. Na mwaridi ulionewa. Aliyemwokoa huyu asife ni Bi Tunu, yule pale nje."

Mtukufu Mkuu alifikiri. Nadhani alikuwa akijaribu kukumbuka kama alishawahi kusikia mtu akisema "nilikosea", na jinsi inavyojibiwa.

"Mwacheni aingie," akasema.

Bi Tunu akaingia, akamsalimia, akamkabidhi kitawi. Koala aligeuka, akakichukua mkononi mwa Mtukufu Mkuu, akala. Kamera zikalia. Mtukufu Mkuu akacheka kwa furaha, bendi ikaanza tena, na Mheshimiwa Lubawa akapanda jukwaani kutangaza kwamba huo ndio ulikuwa mpango wa Wizara tangu mwanzo, na kabichi ilikuwa jaribio la kisayansi. Aliyevalishwa nishani siku hiyo ni yeye.

*

Mimi niliundiwa kamati. Kwa kuwa nilikuwa nimekiri kwamba mlinganishi anaweza kukosea, ilibidi ijulikane kama bado nafaa, na njia pekee tuliyokuwa nayo ni kulinganisha. Nikalinganishwa na koala. Fomu ilijazwa na mwenzangu wa meza ya pili, mtu mwema, aliyenifundisha kazi. Nilishindwa vipengele kumi na kimoja. Kwenye Utulivu nilipata sifuri. Kwenye Chakula waliandika kwamba ninachagua, na wakaambatanisha maelezo ya mke wangu. Vipengele viwili nilivyoshinda ni Kuendesha Baiskeli na Kusoma.

Kwa hiyo nikahamishiwa Bustani ya Taifa, cheo cha Mleta Majani, chini ya Bi Tunu, ambaye alirudishwa na kupewa kile kijumba chake kwa kuwa hakuna mwingine nchini aliyeweza kutofautisha mikaratusi kwa pua. Miche minne ya mwaridi ameipanda ukutani mwa kijumba. Mmoja ulikufa. Hatujui kama mingine itatoa maua, na hakuna aliyetuuliza.

Asubuhi yangu ya kwanza ya kazi tulikuwa Kibaoni, mimi juu ya mti na panga, yeye chini ameshika kamba. Nilikuwa nimekaa na neno moja kifuani tangu siku ya trekta, nikaona heri nilitoe nikiwa mbali na uso wake.

"Bi Tunu," nikamwita, "umenisamehe?"

Aliinua macho, mkono umekinga jua.

"Kata juu ya kifundo, Mangwela," akasema. "Hapo chini unaliua tawi."